Mkeo Amekimbia

Wako madereva wenzake na kaka yangu ambao hadi leo wanaamini kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mke wake kukimbia. Hakumfundisha hata kufunga kamba za raba. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, na ninayaandika haya nikiwa na hasira ileile ya siku ile. Haijapoa, wala sioni sababu ya kuipoza.

Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Ni fundi cherehani, mtaani wananiita Petroli, na aliyenipa jina hilo alijua anachosema. Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tulipikika. Nilipoachika nikarudi na sanduku langu na cherehani, mama yangu mzazi aliniuliza maswali mpaka kichwa kikaniuma. Wifi alinitandikia kitanda, akanionyesha ndoo ya kuogea ilipo, basi. Tangu hapo tunapanga nyumba moja: kaka na mkewe vyumba viwili na sebule, mimi chumba cha nje karibu na geti, ambako hakuna anayetoka wala kuingia nisimwone. Kaka mwenyewe haonekani sana. Ni dereva wa lori la masafa, leo yuko hapa, kesho yuko mpakani. Binti zao wawili wako shule ya bweni.

Wifi anafanya kazi dobi, kwenye hospitali kubwa. Si dobi wa karai na kipande cha sabuni. Ni chumba cha mashine chini ya ghorofa, hakina dirisha la maana, na mashuka ya wodi zote huteremka huko kwenye matroli yakiwa na damu, matapishi na mengine ambayo sitayataja kwa kuwa huenda msomaji anakula. Yakishafuliwa na kukamuliwa yanafika kwa wifi na mwenzake. Wanasimama mbele ya mashine ndefu ya kunyooshea, huyu kashika pembe mbili na yule pembe mbili, wanalilisha shuka katikati ya magogo ya chuma yaliyochemka, likimezwa wanachukua lingine. Makoti ya madaktari na foronya hupigwa pasi ya mkono. Siku nzima ni kusimama kwenye mvuke, na jioni anarudi nyumbani kusimama jikoni.

Hospitali ikaandaa mbio fupi za wafanyakazi, kilomita tano, kila idara itoe watu wake. Msimamizi wa dobi, mwanamume ambaye kazini huchelewa kuingia na kuwahi kutoka, akatangaza: walinzi wametoa watu, jikoni wametoa, maabara wametoa. Mwenzake wifi akauliza, "Na sisi dobi?"

Msimamizi akacheka. "Nyinyi mtakimbia na magoti gani? Kazi yenu kusimama."

Wifi si mtu wa kujibu. Hapo ndipo tunapoachana mimi na yeye. Ndoa yangu ilivunjika kwa kujibu, yake imedumu kwa kunyamaza, na sijui kati yetu nani aliumia zaidi. Lakini siku hiyo akajibu. "Mimi nitakimbia," akasema.

"Utakimbia, au utakimbizwa wodini?" akasema msimamizi, na dobi nzima ikaangua kicheko, hata mwenzake wa upande wa pili wa shuka.

Alinisimulia jioni wakati natia kola kwenye shati la mteja. Nikaiacha kola. "Wewe ukasemaje?"

"Nikaendelea na mashuka."

Nilisimama na mkasi mkononi, nataka nielekezwe huyo msimamizi anakaa wapi. Wifi akaniambia nikae nimalize kola, nguo ya watu isije ikaharibika kwa mambo ya hospitali.

Asubuhi ya kwanza alitoka getini mbio kana kwamba ameona mwizi, akafika nguzo ya pili ya umeme, akaikumbatia. Nilimkuta hapo, mimi na ndala zangu na taulo begani, maana nilishajiteua kocha. Anahema, mate yamemkauka, mkono mmoja umeshika mbavu.

"Wifi," nikamwambia, "mwanzo wa ngoma ni lele."

"Nyamaza," akasema. Lilikuwa neno kali kuliko yote niliyowahi kulisikia kutoka kinywani mwake, na nilifurahi sana.

Nikamshonea suruali ya mpira kiunoni na mfuko wa funguo. Raba tulizipata kwenye mitumba, zimezidi kidogo mguu wake, tukazijazia kitambaa kwenye vidole. Kocha wa kweli tulimpata hukohuko hospitali, mbeba machela mmoja mwembamba ambaye wakati wake alishindana. Alimwona anatembea kwa kuchechemea, akamuuliza, akamwambia neno moja tu: "Dada, kimbia mwendo ambao unaweza kuongea. Ukiona pumzi ya kuongea huna, punguza."

Shauri zuri. Tatizo, aongee na nani? Mimi nilijaribu kumsindikiza mara moja, kifua kikakataa. Basi wifi akaanza kugombana. Peke yake, barabarani, alfajiri, kwa sauti ya kawaida kabisa, kila alichokimeza miaka yote akawa anakisema huku anakimbia. Kutoka getini hadi mashine ya kusaga alikuwa anamgombeza msimamizi. Kutoka mashine ya kusaga hadi darajani ilikuwa zamu ya kaka yangu. Mlima wote ulikuwa wa mama.

"Na mimi sina mahali pangu?" nikamuuliza.

"Wewe uko kwenye mteremko," akasema. "Unapita haraka."

Nguzo mbili zikawa nne, nne zikawa mtaa, mtaa ukawa njia nzima ya kwenda kazini. Sare yake ya dobi akawa anaitia kwenye kibegi mgongoni, anakimbia nayo hadi hospitali, anaoga kule, anaingia zamu. Asubuhi moja mwenye duka la kona, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata akiwa na donge la chakula, alimpigia kelele, "Mbio zote hizo umetumwa na nani?"

Wifi akasimama. Akamjibu, "Sijatumwa."

Jioni alikaa kwenye kizingiti changu akaniambia jambo hilo, na nikaona limemshika. "Unajua mimi sijawahi kukimbia bila kutumwa? Nikiwa mtoto, kimbia dukani. Nimeolewa, kimbia ulete chai, wageni wamefika. Kazini, kimbia na troli, wodi ya wazazi hawana mashuka. Hii hakuna aliyenituma na hakuna aliyeniruhusu. Nataka niimalize ikiwa yangu." Ni kitu kidogo mno mtu kukitaka, na ndicho walichokuja kukigombania.

Sasa nije kwa mama. Mama anaishi kwa mdogo wake, mjomba wetu, upande mwingine wa mji, na habari za nyumba yetu huzipata kwa mwenye duka, sio kwetu. Siku moja mama alimpigia mwenye duka simu kumsalimia. Mwenye duka, baada ya salamu, akasema: "Mkweo amekimbia. Leo alfajiri. Nimemwona kwa macho yangu, na begi mgongoni."

Ukimuuliza sasa atakuapia alisema "anakimbia". Mama ataapa alisikia "amekimbia". Vyovyote, mama alikata simu akampigia wifi. Simu ya wifi ilikuwa imezimwa, kama kila siku akiwa kazini, imo kwenye kabati la sare. Akanipigia mimi. Mimi nilikuwa sokoni kununua vitambaa, simu nimeiacha kwa jirani inachajiwa. Basi ushahidi ukakamilika. Mama akampigia mwanawe.

Kaka yangu huongea na simu ikiwa kwenye spika, tena kwa sauti ya juu, hata akiulizwa kama amekula. Alikuwa kwenye mizani ya malori, foleni ndefu, madereva wamekaa chini ya magari wanapiga soga. Sauti ya mama yangu ikawafikia wote: "Mwanangu, mkeo amekimbia!" Hakuuliza kakimbia wapi. Hakuuliza lini, na nani, kwa nini. Alitoka kwenye foleni, akageuza lori na mzigo wa watu, akarudi. Tajiri wake alimtukana njia nzima.

Mimi na wifi tulifika nyumbani jioni hiyo karibu pamoja, mimi na furushi la vitambaa, yeye na kibegi chake. Tukamkuta mama. Mjomba naye yupo, mwenye duka yupo kama shahidi. Kabati la wifi limefunguliwa wazi na nguo zake ziko kitandani rundo, mpaka za ndani, mama anazipekua aone mkimbizi ameondoka na zipi. Hivi mtu anayatazamaje mambo kama hayo bila kupasuka? Mimi nilipasuka. Wifi alisimama mlangoni mwa chumba chake akitazama sidiria zake mikononi mwa mama mkwe.

"Umerudi?" mama akauliza.

"Nimetoka kazini, mama. Shikamoo."

Hapo ndipo mama alipomgeukia mwenye duka. "Si ulisema amekimbia?"

"Mimi? Nilisema anakimbia! Anakimbia, mazoezi!"

"Ulisema ame!"

"Nilisema ana!"

Mjomba akaingilia kusema kwamba kwa Kiswahili sanifu yote mawili yanawezekana, inategemea. Sebule ikawa darasa, watu wazima watatu wanabishana juu ya herufi, na hakuna hata mmoja aliyesema neno dogo la pole. Wifi alikuwa anakunja nguo zake moja moja na kuzirudisha kabatini. Nilimwambia mama kwamba aliyezitoa ndiye azirudishe. Akaniambia nimekuwa mkorofi tangu tumboni.

Nilidhani kaka akifika atacheka. Mtu amekuta mke wake yupo, kakaa, kapika, si ashukuru? Alifika kesho yake, akamtazama mkewe juu hadi chini, akasema, "Hata kama hukukimbia, mimi nimekimbiwa. Mizani nzima inajua nimekimbiwa."

"Mtu anakimbiwaje na mke aliyekaa hapa anakuandalia chakula?" nikamuuliza.

"Wewe kanyamaze na ndoa iliyokushinda."

Hukumu ikatoka papo hapo. Kwanza, mbio basi. Pili, Jumapili alasiri mama na mjomba watakuja, kikao kitakaa, na wifi ataomba radhi kwa aibu aliyoiletea familia. Angalia vizuri hapo. Aliyesema uongo ni mwenye duka, aliyeusambaza ni mama, aliyeutangazia ulimwengu kwa kipaza sauti cha simu ni kaka, na wa kuomba radhi ni mwanamke aliyekuwa kazini ananyoosha mashuka ya wagonjwa.

Wifi akauliza, "Kikao ni alasiri?"

"Alasiri."

"Sawa. Mbio ni asubuhi."

Kaka alidhani hajasikia sawasawa. Aliposikia sawasawa hakupiga kelele, na hilo halikunipendeza. Jumamosi jioni alitoka uani na raba zake wifi, akazizamisha kwenye beseni la maji, akaweka tofali juu. Halafu akaenda kulala, roho kwatu. Kumtisha dobi kwa maji! Wifi alizitoa, akazikamua kwa taulo namna wanavyokamua kule kwao, akanyonya unyevu kwa vitambaa vyangu vikavu, na alfajiri akazivaa zikiwa bado na majimaji ndani. Alipotoka getini zilikuwa zinalia kwichi, kwichi. Kaka alikuwa anakoroma.

Pale hospitali kulikuwa na watu kuliko nilivyotarajia: wauguzi, wapishi, walinzi, wanafunzi wa udaktari na viatu vyao vya rangi rangi, na mshereheshaji mwenye spika kubwa asiyenyamaza. Wifi alijipanga nyuma kabisa, namba kifuani, midomo tayari inacheza. Nikajua anaanza na msimamizi. Msimamizi mwenyewe alikuwa pembeni na soda, akamwona, akasema, "Ee, kumbe kweli." Wakaachiwa.

Mimi nilikwenda kusimama kwenye kona ya mwisho, pale barabara inapoingia kwenye uwanja wa hospitali. Wa kwanza wakapita, wakapita vijana wa maabara, wakapita wapishi. Watu wakaanza kuchoka kushangilia. Ndipo nikamwona. Alikuwa wa nyuma lakini si wa mwisho. Nyuma yake kulikuwa na daktari wa meno anayetembea huku anasalimia watu, na wengine waliokwisha kukata tamaa. Wifi alikuwa anakimbia. Mwendo uleule, wa kuongea, magoti yanauma naona kabisa yanauma, na midomo haijaacha. Nililia, nakubali. Nilipiga ukelele mpaka mlinzi akanitazama.

Halafu nikamwona kaka yangu.

Alitokea upande wa pili wa barabara akiwa na kandambili na fulana aliyolalia. Aliingia moja kwa moja kwenye njia ya wakimbiaji, akamkamata wifi mkono, juu ya kiwiko. Nilijua amekuja kumtoa. Nikaanza kusukuma watu nimfikie. Lakini wifi hakusimama. Hakumtazama, hakujinasua, aliendelea tu kukimbia na mkono wa mumewe umeng'ang'ania wake, na kaka ama aachie ama akimbie. Hakuachia. Basi akakimbia naye, tumbo linaruka, kandambili zinapiga lami, mdomo umeinama sikioni mwa mkewe anasema maneno.

Na mshereheshaji akawaona.

"Jamani! Jamani, tazameni mapenzi!" spika ikavuma uwanja mzima. "Mume amekuja kumsindikiza mke wake hadi mwisho! Na kandambili! Mpigieni makofi baba huyo!"

Wakapiga. Wauguzi wakapiga vigelegele, watu wakatoa simu wakapiga picha. Nikamwona kaka yangu anashtuka, anainua uso, anatazama umati. Nilidhani ataona haya. Nikamwona anatabasamu. Akainua mkono wa pili akawapungia! Walivuka mstari hivyo, yeye anapunga, wifi ametazama mbele.

Kilichonimaliza ni kipaza sauti. Walimpa. Wifi alikuwa amekaa chini kwenye majani anavua raba, soksi zimetoa rangi kwenye miguu yake, hakuna aliyemuuliza kitu. Kaka yangu akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Siri ni moja tu. Mpe mwenzako moyo. Mimi nilimwambia mke wangu, jikaze." Umati ukashangilia tena. Nilifika pale nikiwa na neno kubwa mdomoni, wifi akanishika sketi. "Niletee maji," akasema. "Hayo mengine yaache."

Picha ilifika mtaani kabla yetu. Alasiri mama na mjomba walipokuja kwa kikao, walikuja wanacheka. Mwenye duka alikuwa ameshamtumia mjomba ile picha, na mjomba aliingia sebuleni ameinua simu juu. "Mpwa wangu! Hongera! Kumbe mlikuwa mnatufanyia siri, mnafanya mazoezi pamoja!"

Kaka hakukataa. Alijikalia kwenye kochi kubwa, miguu ina malengelenge ya kandambili, akasema, "Ah, kawaida tu, mjomba." Mama akasema mwanaume anayemruhusu mkewe namna hii ni wa kutafuta kwa tochi. Hakuna aliyetaja tena habari ya kuomba radhi. Suala lilikwisha kwa sababu mwana wao ameonekana mzuri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sikukaa, maana nilijijua nikikaa nitaruka.

Wifi aliingia na birika la chai. Alikuwa ameoga, amevaa blauzi ya mikono mirefu niliyomshonea mwenyewe. Aliweka birika mezani, hakumimina.

Mjomba akamwonyesha simu. "Hebu jione, mkwe. Tazama alivyokushika mkono kwa mapenzi."

"Naomba niione, mjomba," wifi akasema. Akaipokea, akaitazama kwa muda, akailaza mezani kioo juu, katikati ya vikombe. Kisha akafungua kifungo cha mkono wa blauzi, akaukunja polepole hadi juu ya kiwiko, akauweka mkono wake kando ya simu. "Na huu utazameni," akasema.

Alama zilikuwa nne mbele na moja nyuma, zimevimba, zimeanza kubadilika rangi. Ile ya nyuma ukucha ulikuwa umeingia. Kwenye picha vidole vya kaka vilikuwa palepale.

Mama ndiye aliyewahi kufungua kinywa, na nisameheni, ni mama yangu, lakini sitamsahau. Alisema, "Si pasi hiyo, mwanangu? Nyinyi watu wa dobi mnaungua ungua sana."

"Pasi haina vidole, mama," nikasema.

"Wewe hukuulizwa!" kaka akafoka. Akamgeukia mjomba, akashusha sauti. "Nilikuwa namsaidia. Alikuwa anataka kuanguka, nikamshika asianguke. Watu wote waliona."

"Watu waliona," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya barabarani alfajiri, ya kawaida, haikupanda. "Hawakusikia. Kuanzia pale kwenye kona hadi mwisho uliniambia maneno haya: 'Unanifanya mjinga mbele za watu. Ngoja tufike nyumbani, leo utanitambua.' Umeyarudia mara mbili." Akamtazama mumewe usoni. "Basi, tumefika nyumbani. Mama yupo, mjomba yupo. Nitambulishe."

Mjomba aliivuta simu yake kutoka mezani, akaizima. Mama alikuwa anatazama chai ambayo hakuna aliyeimimina. Kaka yangu, mwenye sauti ya kusikika mizani nzima, aliinama akawa anabonyeza malengelenge ya mguuni.

"Mkwe," mjomba akasema mwishowe, kwa ile sauti ya wazee ya kufunika, "hizo ni hasira tu, hata vikombe kabatini hugongana. Na wewe leo umefurahi, umemaliza mbio zako. Tuseme yaishe."

"Hayajaisha, mjomba," wifi akasema. "Ndiyo kwanza nayasema. Nina mengine, na pumzi ninayo."

Akavuta kiti, akakaa, mkono bado uko mezani na blauzi imekunjwa. Kaka yangu akasimama, akapapasa mfukoni kama anayetafuta funguo za lori, akatazama mlango. Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi, nikamwambia akae.